Oveni ndogo ya umeme kwa jikoni ya Goma: lita 10, lita 25 au lita 45?

Jumamosi moja mdogo wangu alinitumia picha tatu kwenye WhatsApp, amesimama ndani ya duka huko Birere. Chini ya picha kulikuwa na swali moja: "Yaya, nibebe ipi?" (Yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa.)

Picha ya kwanza ilikuwa kisanduku cheupe cha lita 10, kidogo kiasi cha kukaa juu ya firigo. Ya pili ilikuwa oveni nyeusi ya lita 25 yenye vitufe vitatu vya kuzungusha. Ya tatu ilikuwa dude la lita 45: feni ndani, taa ndani, chuma cha kuzungusha kuku mzima, na kwenye kartoni wamechora keki ya ghorofa mbili. Muuzaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hiyo ya tatu ndiyo "ya maisha".

Nilimjibu kwa swali: prizi (soketi) ya jikoni kwako, waya wake unatoka wapi?

Akaniandikia: "Nimekuuliza oveni, unaniletea waya."

Anaishi Ndosho, kwenye nyumba ya mbao kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu. Umeme umeingilia kona ya sebule. Kutoka hapo ralonji, waya wa kurefushia umeme, inapita juu ya mlango mpaka jikoni, na hiyo hiyo inalisha firigo, chaja za simu na taa ya uani. Oveni yoyote atakayobeba itakula kupitia uzi huo. Ndiyo maana naanzia hapo, ingawa najua watu hupenda kuanzia kwenye bei.

Hesabu ya waya

Nyuma ya kila oveni kuna kibati chenye maandishi madogo. Tafuta herufi W. Za lita 10 huwa na wati 650 mpaka 800 hivi. Za lita 20 mpaka 25 huwa na wati 1,300 mpaka 1,500. Zile za lita 45 hufika 1,800 au 2,000. Ukigawa wati kwa voti 220 za umeme wetu unapata ampea. Wati 800 ni ampea 3.6, wati 1,500 ni karibu ampea 7, na wati 2,000 ni zaidi ya ampea 9.

Ampea tatu na kitu, ralonji yoyote ya heshima inazibeba. Ampea saba zinataka waya wenye shaba ya kweli. Mafundi wetu huvuta waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa prizi, yaani milimita za mraba za shaba. Oveni ikae upande wa 2.5. Ampea tisa ziende moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani, bila ralonji, bila jirani.

Na usidanganywe na unene wa nje. Niliwahi kukata ralonji iliyokuwa nene kama kidole, nikakuta plastiki tupu, na katikati nywele chache za shaba. Kipimo changu ni mkono. Washa oveni dakika kumi, kisha shika waya mwanzo mpaka mwisho, halafu shika kichwa cha prizi. Ukihisi uvuguvugu kidogo, endelea. Ukihisi joto la mtoto mwenye homa, chomoa, na oveni hiyo isirudi kwenye waya huo.

Kuna pia dijonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Kama ya kwako ni ya ampea 10, oveni ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 zikiwaka pamoja ni ampea 13 na zaidi, na nyumba nzima inaingia giza. Sehemu ya siku ya kuoka keki kwenye lita 45 mimi niliimalizia nje kwenye mita, nikiwa na taa ya simu mdomoni. Oveni hiyo ilikuwa ya kuazima, nashukuru.

Kufikia hapo mdogo wangu alikuwa amekwisha kupiga picha ya ralonji yake. Lita 45 ikatoka kwenye mashindano kabla hatujagusa bei.

Kisanduku cha lita 10

Hiki watu wengi wanakidharau, nami nataka kukitetea kwanza kabla ya kukisema vibaya.

Jibini ya Masisi ndiyo iliyonifundisha kukipenda. Unakata mkate wa mraba, ule tunaouita pain carré, unaweka vipande viwili juu ya wavu. Jibini unaikata nyembamba kwa kisu chenye makali, kwa sababu ikiwa nene katikati hubaki baridi huku pembe zimeungua. Unafunga mlango na kuzungusha saa hadi dakika sita. Dakika ya tatu jibini inatoka jasho. Dakika ya nne inalegea na kuinama pembeni. Dakika ya tano inaanza kububujika, na harufu imefika mpaka kwa watoto wa jirani. Ya sita ina madoa ya kahawia, na mkate chini umekauka unalia ukiuvunja. Kwenye sufuria ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), huwezi kupata hivyo, kwa sababu moto unatoka chini tu. Kwenye maikrowevu ndiyo kabisa usijaribu: mkate unageuka ulimi.

Kwa kazi hiyo, na kwa kupasha sambusa, mandazi ya jana au kipande cha kuku, lita 10 inatosha na inakula umeme kidogo. Inapata moto haraka kwa sababu tumbo lake ni dogo.

Ubaya wake sasa. Nyingi za ukubwa huu hazina kitufe cha joto; zina saa peke yake. Ukiiwasha inawaka kwa nguvu zake zote mpaka kengele ilie. Hapo unachoma tu, kuoka hakumo. Halafu dari yake iko chini. Keki ikianza kuumuka inakwenda kugusana na vyuma vinavyowaka vyekundu, ile rezistansi ya juu, na juu inakuwa makala wakati tumbo bado ni uji. Kuna ujanja wa kufunika kwa karatasi ya alumini, nao unasaidia, mradi karatasi isiguse rezistansi. Lakini ukishaanza kuishi kwa ujanja, bora ungenunua nyingine.

Anayeishi peke yake, mwanafunzi, au mtu ambaye gesi au mbabula inampikia kila kitu na anataka tosti tu ya asubuhi, abebe hii na asione haya.

Ya lita 25

Hapa ndipo nilipo mimi mwenyewe, miaka kadhaa sasa, kwa hiyo mnisamehe nikivutia kwangu.

Inaingia kalibu ya keki ya duara ya sentimita 22 na nafasi ya hewa inabaki pembeni. Inaingia tilapia ya kawaida ukiilaza kwa mshazari, mkia ukikunjwa kidogo. Mikate midogo ya duara inakaa tisa, mitatu kwa mitatu. Kuku mzima anaingia akiwa mdogo, ila mimi humkata vipande, anaiva sawasawa na mafuta hayarukii rezistansi. Viazi vya Masisi nikivikata robo robo na kuvipaka mafuta na chumvi, dakika 40 kwa nyuzi 200 vinatosha, nikivigeuza mara moja.

Kitu cha kutazama ni vitufe vitatu: cha joto, cha saa, na cha kuchagua rezistansi ya juu, ya chini, au zote mbili. Hicho cha kuchagua ndicho kinachotofautisha oveni na sanduku la moto. Keki naianza kwa moto wa chini peke yake, dakika 20 hivi, ipande kwanza. Kisha nawasha na wa juu, ipate rangi. Samaki namfanyia kinyume mwishoni: moto wa juu tu, dakika tano, ngozi ikauke.

Joto lililoandikwa kwenye kitufe msiliamini. Oveni ndogo nyingi hudanganya. Yangu nikiiweka 180 ndani iko karibu na 200, nimeipima kwa kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Sasa nikitaka 180 naweka katikati ya 150 na 180, na mambo yamenyooka. Mtu asiye na kipimajoto ataijua yake baada ya keki tatu, na ya kwanza kati ya hizo aitengee watoto, si wageni.

Umeme wake je? Wati 1,500 kwa saa nzima ingekuwa uniti moja na nusu, lakini haiwaki muda wote. Joto likifika, rezistansi inazima. Likishuka, inawaka tena. Ndiyo ile sauti ya "tik" unayoisikia. Nimesoma mita yangu kabla na baada ya keki ya dakika 45: ilikula kama robo tatu ya uniti. Chukua risiti yako ya mwisho ya Cash Power, umeme wa kulipia kabla, tazama uniti moja ulilipa ngapi, na utajua keki inakugharimu nini. Linganisha na makala ya asubuhi hiyo. Kwa keki, mikate na samaki, kwangu oveni inashinda. Kwa maharage ya saa mbili na sombe (majani ya muhogo), hata silinganishi; hizo zibaki kwenye moto wake.

Dude la lita 45

Ukiwa na umeme wa kuaminika, waya wa 2.5 na prizi yake peke yake, na unauza keki au mikate mtaani, hii ndiyo yako. Inabeba sinia mbili kwa wakati mmoja, na ile feni ina maana: inasukuma hewa ya moto, na sinia ya chini haibaki nyuma sana ya ile ya juu. Bila feni, sinia mbili ni kazi ya kubadilishana juu chini kila baada ya dakika kumi, na kila ukifungua mlango joto linakimbia.

Kwa nyumba ya watu watano isiyouza kitu, naiona ni mzigo. Inachelewa kupata moto, inachukua meza nzima, na ukitaka kuchoma vipande viwili vya mkate unawasha nyumba ya kulala wageni kwa mgeni mmoja. Ile kazi ya kuzungusha kuku watu huifanya mara mbili tu: siku ya kwanza, na siku ya kuwaonyesha wageni. Kisha wanagundua jinsi ilivyo tabu kusafisha mafuta yaliyorukia kila kona, na kile chuma kinahamia kabatini.

Usafiri nao si jambo dogo. Lita 25 inapanda kwenye pikipiki, wewe umeikumbatia. Lita 45 inataka gari au chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na chukudu kwenye barabara zetu za mawe ya volkano inatikisa mpaka vidonge tumboni.

Rezistansi ya kioo au ya chuma

Mtikisiko huo unaleta jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Chungulia ndani ya oveni. Ukiona mirija myeupe yenye unga unga kama taa, hiyo ni rezistansi ya kioo, ya kwarzi. Inawaka haraka, tosti inapendeza, lakini inavunjika. Ukiona vyuma vyeusi au vya kijivu, vyembamba kama kalamu, hiyo ni ya chuma. Inachelewa kidogo kupata wekundu, lakini inavumilia pikipiki, chukudu na mtoto anayepiga mlango kwa kijiko. Kwa barabara zetu nachagua chuma. Katika baadhi ya oveni zenye mirija ya kioo, mirija miwili imeungwa kwa kufuatana, mmoja ukifa na wa pili unazima, na unabaki na oveni ya upande mmoja.

Vitufe au tarakimu

Oveni za skrini ni nzuri dukani. Unagusa picha ya piza, inajipangia joto na dakika. Kwetu hapa, umeme ukikatika sekunde mbili tu, nyingi zinasahau kila kitu. Umeme unarudi, skrini inapepesa saa sifuri, na keki imekaa ndani ya giza bila mtu kujua.

Ya vitufe inaendelea pale ilipoachia umeme unaporudi, na hilo napenda. Lakini nayo ina hila yake, iliyonigharimu mayai sita. Saa yake ni ya springi. Umeme ukizima, saa haijui, inaendelea kutembea. Nilitoka nje kuanika nguo, umeme ukaenda dakika kama 20 na kurudi, nami sikuhisi, ni mchana. Kengele ikalia "ting", nikafungua mlango kwa furaha, nikakuta uji wa vanila wenye ngozi. Tangu siku hiyo nikiwa na keki ndani naacha taa ya jikoni inawaka hata saa sita mchana. Taa ikizima, nami narudisha saa nyuma.

Keki iliyokatikiwa umeme mapema, kabla haijashika, usiifungulie mlango. Joto lililomo linaweza kuibeba dakika kadhaa. Ukifungua inaanguka katikati, na hata umeme ukirudi haisimami tena.

Na mbabula usiitupe. Wiki ya mwisho ya Januari 2025 mji ulipokosa umeme na maji, oveni zote za Goma zilikuwa makabati ya kuwekea vikombe.

Umeme dhaifu, na watu wa paneli

Wifi yangu anakaa Bukavu, upande wa Kadutu. Alinunua oveni sawa na yangu, wati zile zile, akaanza kunilalamikia kwamba nimemshauri takataka: mkate unakaa saa nzima, unatoka mgumu kama kopo na haujapata rangi. Fundi wake akapima prizi jioni, akakuta voti 170.

Hapo oveni haina kosa. Nguvu ya rezistansi inashuka kuliko voti zinavyoshuka. Kwa voti 170 badala ya 220, oveni ya wati 1,500 inabaki na kama 900. Inakaa muda mrefu kupata moto, na muda huo wote mkate unapoteza maji. Stabilizateri, kifaa cha kusawazisha voti, ya kutosha kubeba oveni ina bei ya kukaribia oveni yenyewe, na ile ndogo ya televisheni itaungua. Dawa ya wifi imekuwa saa: anaoka alfajiri, kabla mtaa haujaamka kuwasha vyake. Kwa mtu mwenye umeme kama huo, lita 45 ni hasara tupu, na hata lita 25 achague ya tumbo dogo kidogo, lita 20 hivi, yenye wati 1,500 zile zile. Joto dogo linalofungwa kwenye chumba kidogo linafika.

Wanaotegemea paneli na betri zao nyumbani, hesabu ni fupi. Betri ya ampea-saa 100 ya voti 12 ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi hupendi kuishusha chini ya nusu. Zinabaki 600. Oveni ya wati 1,500 inazimaliza kwa dakika 24, ikivuta kutoka kwenye betri ampea zaidi ya 120. Msijaribu. Walio kwenye mtandao wa umeme wa jua wa kampuni ya Nuru hapa Ndosho ni habari nyingine, huo unakuja kwenye mita kama umeme wowote.

Na kikaango cha hewa?

Mdogo wangu aliuliza, na kila mtu sasa anauliza. Maduka huandika friteuse sans huile. Kwa ukweli hiyo ni oveni ndogo yenye feni kali na kikapu, wati zake ni 1,400 mpaka 1,700, kwa hiyo kwenye waya haina tofauti na lita 25. Kwa viazi na mapaja ya kuku inashinda, tena kwa muda mfupi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zilizopakwa mafuta kidogo zinatoka kavu, zinavunjika mdomoni. Si kama za kukaanga za soko la Kituku, lakini nyumba haijai moshi wa mafuta. Kwa mkate na jibini ni aibu: feni inapeperusha kipande cha jibini kinakwenda kunata juu. Keki inaingia ya kikombe tu. Watu wawili wasiooka wanunue hiyo. Nyumba yenye watoto wanne, kikapu kimoja cha viazi kinaanzisha vita.

Ile keki ya sufuria yenye mchanga, makala chini na makala juu ya kifuniko, bado naiheshimu. Mama yetu alitulelea nayo, na ina harufu ambayo oveni haina. Inahitaji tu mtu wa kukaa hapo kuilinda, na siku za kazi mtu huyo hayupo.

Keki ya Goma iko juu ya mlima

Hili si la oveni, lakini watu hurudisha oveni kwa ajili yake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo keki inaumuka haraka kisha inaanguka, na maji yake yanakimbia. Mapishi ya video yamepimwa chini huko. Punguza unga wa kuumulia kidogo, kama robo ya kijiko kwa kila kijiko, ongeza maziwa vijiko viwili, na joto lipande kidogo ili keki ishike kabla haijachoka. Wa Bukavu wafanye vivyo hivyo.

Kabla hujalipa

Duka la kweli litakuruhusu kuijaribu, kwa sababu ukishavuka mlango garanti inakuwa maneno. Washa moto wa juu peke yake, tazama kama rezistansi zote zinapata wekundu. Kisha wa chini. Funga mlango, jaribu kupitisha kipande cha karatasi pembeni. Kikipita bila kushikwa popote, joto nalo litapita. Soma kibati: ikiandikwa voti 110 au 120, hata uipewe bure, acha. Kwenye 220 inavuta nguvu mara tatu na kitu mpaka nne na inaungua siku hiyo hiyo. Zipo, zinakuja na mizigo iliyotumika.

Tazama kichwa cha waya. Oveni nyingi hupitia Dubai na zina kichwa cha meno matatu bapa ya Kiingereza. Usiichomeke kwa adapta ya bei ya peremende; adapta ndogo hizo ndizo zinazoyeyuka kwanza. Mwite fundi akate kichwa, afunge cha kwetu chenye waya wa ardhi, maana oveni ni sanduku la chuma na mikono ya jikoni huwa na maji.

Nyumba ya mbao inataka adabu zaidi. Mgongo wa oveni hizi unachoma. Acha upana wa kiganja pande zote na zaidi nyuma, juu yake usiweke kitu hata kitambaa, na chini weka kigae au jiwe bapa. Mawe hatuna uhaba nayo, Nyiragongo imetugawia ya kutosha.

Mdogo wangu alibeba ya lita 25, ya vitufe, rezistansi ya chuma. Pesa iliyobaki kwenye bei ya lile dude ilimlipa fundi kuvuta waya wa 2.5 kutoka kwenye mita mpaka jikoni, na ikabaki ya kalibu moja. Jioni nilimwambia apange vipande vya pain carré wavu mzima, awashe dakika tano, anipigie picha. Picha ikaja: vyote vya dhahabu, isipokuwa kimoja cha nyuma kushoto, cheusi. Nikamwandikia kwamba kila keki aigeuze nusu duara dakika kumi kabla ya kuitoa. Akajibu kwamba kile cheusi ameshakila yeye, pamoja na jibini.